Baba kasema nivae chochote ila sare. Nina miaka 20, nipo Wete, nataka jeshi. Nisaidieni kufikiri

KijanaWaJadida

Assalaam alaykum wakuu, wakubwa kwa wadogo.

Nnaandika usiku huu nyumbani washalala, kwa sababu mada yenyewe humu ndani haizungumziki tena. Nina miaka 20. Nimezaliwa Wete, nikasoma skuli hapa hapa Pemba mpaka kidato cha nne, kisha cha tano na cha sita nikenda kusoma Tanga kwa shangazi yangu. Nilichukua Fizikia, Kemia na Baiolojia, nikapata daraja la pili. Kwa kuwa nilimalizia Bara, nikaitwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria, ile miezi mitatu, nikapangiwa Mgambo kule Handeni.

Nilikwenda kwa shingo upande. Nikarudi nikiwa mtu mwengine. Sisemi kwa kuwa nilifundishwa kwata. Kuna siku tulikuwa kwenye mwendo mrefu, jua kali, kijana mmoja mbele yangu akaanguka kifudifudi. Sisi tukasimama tunaangaliana. Akaja afande mmoja wa tiba, mtu mfupi, akapiga magoti mchangani, akamlegeza buti moja, akaja la pili, akamfungua vifungo vya shati, huku anazungumza naye taratibu kama mama anayembembeleza mtoto. Hakupiga kelele hata mara moja. Dakika chache yule kijana kafungua macho. Tangu siku ile sijawaza kazi nyengine. Nataka kuwa yule afande.

Nimerudi Pemba msimu wa karafuu umeshika. Nikamwambia baba tukiwa juu ya jamvi, tunachambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, huku. Hakunigombeza. Aliendelea kuchambua tu. Lakini mie namjua baba, vidole vyake havikosei hata akisinzia, na siku ile nikaona anatupa makonyo kwenye fungu la karafuu. Baadae ndo akasema: "Vaa chochote mwanangu, ila sare." Akanyanyuka kwenda kusali.

Mama ana lake. Yeye anasema kama ni lazima basi niingie vikosi vya hapa hapa Zanzibar, KMKM ya kuzuia magendo au JKU ya kujenga uchumi au Valantia (KVZ), ili Ijumaa niwe nyumbani. "Usinipelekee mtoto Kongo," ndivyo anavyosema, kana kwamba mie ndo nnaempeleka huyo mtoto.

Baba kamwambia ami yangu kinyume chake kabisa. Kama sisikii, basi niende mbali, Bara huko, nisije hata siku moja nikasimamishwa njiani Wete na bunduki mbele ya watu walionilea. Mie nimezaliwa 2005. Ami kanambia baba ni miongoni mwa waliovuka kwenda Shimoni, Kenya, mwanzo wa 2001. Zaidi ya hapo sijui. Baba mwenyewe hajawahi kunihadithia.

Nilizonazo mbele yangu: kuomba JKT ya kujitolea, miaka miwili, nikitarajia JWTZ, jeshi lenyewe la nchi. Au kungoja nafasi za vikosi vya SMZ, serikali ya Zanzibar, zitangazwe. Mjomba yuko Paje, anasema hoteli anayofanyia kazi wanataka vijana, naweza kuanza mwezi ujao. Na pia naweza kuomba chuo cha afya Mbweni, Unguja, ila hapo pesa ndo mtihani.

Naomba mnisaidie kufikiri. Anaetaka kunambia "fuata moyo" namshukuru, lakini moyo wangu naujua unachotaka. Radhi ya baba ndo siijui nitaipataje.

Mchumaji_Konde

Kijana, ajira ni ajira. Huku tunachuma kwa pishi, msimu ukiisha tunarudi kuangaliana. Ukipata sare vaa, mshahara unaingia mvua inyeshe isinyeshe. Wazee watazoea.

BintiMtambile

Mleta uzi, mie ni dada yako, nisikilize kuhusu JKT ya kujitolea maana nimeipitia yote, miaka miwili kamili.

Nilikwenda nikiwa na miaka 19. Nililima, nilifyatua matofali, nilijifunza ushoni, nikasimama lindo usiku nikisikia fisi. Sijutii. Nimerudi naamka alfajiri bila kuamshwa na siogopi mtu. Lakini ajira sikupata. Na sitomlaumu mtu, kwa sababu tangazo lenyewe huwa linasema wazi kila mwaka kwamba kujiunga si ahadi ya ajira. Tulisoma wote. Kila mmoja wetu alijiambia kimoyomoyo kwamba maneno yale yameandikwa kwa ajili ya wengine.

Walipokuja kuchagua wa kuingia vyombo vya ulinzi, tulipangwa mstari mrefu, wakachukua waliowataka. Mie nilikuwa upande wa wanaofunga mabegi. Nilikaa kwenye boti kutoka Unguja nimelikumbata begi langu, nafikiria nitamwambia nini bibi, maana alishawatangazia majirani kuwa mjukuu wake ni mwanajeshi.

Sasa hivi nashona, nina cherehani mbili, ule ushoni wa kambini ndo unaonilisha. Kwa hiyo ukienda, nenda kwa ajili ya hiyo miaka miwili yenyewe, ujifunze fani humo, na ajira ikija iwe ziada. Ukienda kwa ajili ya ajira tu utarudi na kidonda.

Na jengine. Ukianza kuulizia tu, watakupigia simu. Mie alinipigia mtu anajiita afande, sauti nzito, anajua jina langu na kikosi nilichokuwepo, akataka laki nane "aweke jina". Bibi alitaka kuuza mbuzi. Jeshi haliuzi nafasi, na lenyewe limekuwa likionya kila mara kuhusu hawa watu. Yeyote anayekwambia nafasi ina bei ni mwizi, hata kama ni jamaa yako.

DamuYaMpira

Mkuu hukutaja kama unacheza. KMKM, JKU, KVZ, Mafunzo, Zimamoto, nusu ya wanaozichezea timu hizo tunawajua, walianza na mpira ndo wakapata kazi. Kama una mguu nenda kwenye majaribio.

KijanaWaJadida

Mpira sina kaka, nilikuwa nakaa golini kwa kuwa hakuna mwengine.

Dada BintiMtambile ahsante sana, hasa hilo la simu. Nilishapigiwa. Nilikuwa sijamwambia mtu.

MwanaMaji

Mie nipo KMKM, sitoeleza zaidi ya hapo.

Mama yako hajakosea anavyofikiri. Sisi kazi yetu kubwa ni bahari, magendo na uokozi, na bahari ni ya kwetu. Niliingia 2012. Mwaka mmoja kabla yake, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama Nungwi ikija huko kwenu Pemba. Nilikuwa kijana wa mtaani tu, nikakaa ufukweni nikawaona wapiga mbizi wanavyotoka na kurudi, wanatoka na kurudi. Pale ndipo nilipoamua. Nimeingia, na Julai ya mwaka ule ule MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Kwa hiyo ninaposema uokozi sisemi jambo la kwenye karatasi.

Lakini nikwambie kitu ambacho wengi hawakijui mpaka wameshachelewa. Soma vizuri masharti ya JWTZ wanapotangaza. Humo huwa wanasema muombaji awe hajawahi kutumikia Polisi, Magereza, Chuo cha Mafunzo (magereza ya Zanzibar), KMKM na kadhalika. Maana yake ukianza na huku kwetu ukidhani utavuka baadae, mlango ule umeshaufunga mwenyewe. Vijana wengi wanasema "nishike hiki kwanza". Usishike hiki kwanza. Chagua.

SautiYaMicheweni

Watu wanazungumza mishahara na mpira, mtoto wa watu kataja 2001 mkapita kando yake kama kaburi.

Kwa wadogo wasiojua: Januari 2001 watu waliandamana Pemba na Unguja kudai uchaguzi wa 2000 urudiwe. Wakapigwa risasi. Waliokufa ni wengi, na wengine zaidi ya elfu mbili wakapanda majahazi usiku kwenda Shimoni. Oktoba mwaka ule ukaja Muafaka wa CCM na CUF, wengi wakarudi. Nyumba nyingi Wete, Micheweni na Chake zina mtu aliyekuwepo, na hawazungumzi. Baba yako hakatai kazi. Kuna kitu alikiona.

Mie sikwambii usiende. Nakuuliza jambo moja tu, na nakuomba usinijibu mie, ujijibu mwenyewe ukiwa peke yako: siku ukiamrishwa usimame mbele ya watu wasio na kitu mkononi, utakuwa nani?

Mchumaji_Konde

Ndugu yangu Micheweni, hayo yamepita, serikali ya pamoja ilikuja 2010 na nyengine 2020. Tusimrithishe mtoto hofu zetu.

SautiYaMicheweni

Simrithishi. Anayo tayari, baba yake kamrithisha kwa kunyamaza.

MstaafuWelezo

Nimesoma tangu mwanzo, nikaona nisilale bila ya kukujibu mwanangu. Nimetumikia JWTZ tangu 1988, nimestaafu nikiwa Ofisa Mteule Daraja la Pili. Mzaliwa wa Unguja, mke wangu mtu wa Chake.

Nianze na wewe kabla ya baba yako. Unasema unataka kuwa yule afande wa tiba. Basi jua kwamba hapo umesema mambo mawili, tiba na jeshi, na ukiingia mlango usio sahihi utapata moja tu. Ukiingia kama kijana wa kidato cha sita, utavishwa kombati, utakula kozi ya kuruta, kisha jeshi ndilo litakaloamua uwe nani. Linaweza kukupeleka mizinga. Linaweza kukupa udereva. Nimewaona vijana wenye alama nzuri kuliko zako wamekaa ghalani miaka wakihesabu mablanketi, si kwa kuonewa, ila siku ile palihitajika mtu wa kuhesabu mablanketi. Jeshini hamna "mie nataka". Kuna "afande ndio".

Lakini jeshi hilo hilo likitangaza nafasi huwa linataka na wenye fani: matabibu, wauguzi, mafundi wa umeme, wapishi waliosomea. Na hao wenye stashahada na shahada huongezewa umri kidogo kuliko wa kidato cha nne na cha sita. Mwenye cheti cha utabibu hapelekwi mizinga. Una miaka 20. Stashahada ya Mbweni ni miaka mitatu. Hesabu mwenyewe. Na JKT ushapita, hicho cheti chako cha mujibu wa sheria kitunze kama unavyotunza cheti cha kuzaliwa, maana utaulizwa.

Sasa maisha. Nimehamishwa mara saba. Mwanangu wa pili kazaliwa mie nipo Songea, nimemuona ana miezi mitano, akalia nilipombeba. Mama yangu alifariki siku ya Jumatano, simu ikanifikia Jumatano hiyo hiyo magharibi, ruhusa nikaipata Alhamisi asubuhi, nikapanda basi, nikafika Dar usiku, boti Ijumaa. Sisi kwetu maiti halazwi, huzikwa mapema. Nilikuta watu wanakunja mikeka ya hitma. Kaka yangu akanipa funguo za chumba cha mama, nikakaa mule ndani peke yangu, kanga zake bado zina harufu ya udi. Hakuna mtu aliyenikosea. Ndivyo kazi ilivyo, na kijana lazima aijue kabla hajatia saini.

Kuhusu kufa. Mama yako anasema Kongo na ana haki ya kusema. Tarehe 7 Desemba 2017, kule Semuliki, wilaya ya Beni, walishambuliwa wenzetu wa kulinda amani na wakafa 15. Kabla yake, Julai 2013, walikufa 7 Darfur, Sudan. Mie Darfur nimekwenda nimerudi, na mpaka leo mlango ukigongwa kwa nguvu mke wangu ndie anayekwenda kufungua. Sikuogopeshi. Wengi mno wanakwenda na kurudi, na wengi hawendi kabisa, wanatumikia miaka yao yote ndani ya nchi. Ila anayekula kiapo aweke akilini kwamba kiapo kile hakina mstari unaosema "isipokuwa Kongo".

Na la ndugu yangu wa Micheweni sitolikwepa, kwa sababu niliwahi kujiuliza swali hilo hilo, kwa miaka. Katiba ya Muungano, ibara ya 147, inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, haki aliyonayo ni kupiga kura. Hiyo ni karatasi na mie naiheshimu. Lakini mwanangu, katika utumishi wako kuna siku moja au mbili ambazo karatasi haiko karibu na uko peke yako na nafsi yako. Mie niliomba kila alfajiri nisifikishwe hapo, na sikufikishwa. Wapo waliofikishwa. Sina la kukufundisha hapo ila kwamba mtu wa tiba, popote alipo, amri yake ya kwanza anaijua.

Baba yako usimshinde kwa hoja. Mwambie akuhadithie. Kaa naye mpaka aseme. Ukienda bila ya kuisikia hadithi yake, utakuwa umekwenda nusu.

JiraniMwanakwerekwe

Desemba 2017 nilikuwepo yalipoletwa majeneza. Baadhi yao walikuwa watoto wetu wa visiwani. Nilichokikumbuka mpaka leo si bendera wala bunduki za heshima. Ni mzee mmoja aliyekuwa ameshika kofia ya jeshi ya mwanawe, anaigeuza geuza, anaifuta vumbi kwa kiganja, na haikuwa na vumbi.

Waliokufa wale walikuwa wakilinda watu wasiowajua. Kwangu mie hilo ni jambo kubwa sana, na sitaki litajwe kama kitisho tu cha kuwazuia vijana. Mama yako umwambie hivyo, kwa upole.

MamaWaChake

Mimi ni mama. Mwanangu yupo jeshini mwaka wa nne. Simu yake ikikosa hewani siku mbili sili. Akija likizo nampikia boko boko, anakula amesimama mlangoni, nikimwambia kaa anasema nimezoea mama. Nilimpa radhi zangu kabla hajaondoka, nikamuombea dua mbele ya babake, na hilo ndilo linalonipa usingizi. Mwanangu usiondoke kimya kimya. Wapo wanaoondoka kimya kimya, mama anapata khabari kwa watu. Usimfanyie mamako hivyo.

BintiMtambile

Mzee MstaafuWelezo Allah akulipe. Ningeyasoma haya nikiwa na miaka 19, ningejifunza uuguzi kwanza.

DamuYaMpira

Nasubiri mrejesho. Mleta uzi usitupotee.

KijanaWaJadida

Wakuu nimerudi. Zimepita siku tisa. Samahanini, mvua ilitushika, tulikuwa tunaanua na kuanika kutwa.

Nimemuuliza baba.

Nilifanya alivyonambia mzee wa Welezo, sikubishana. Usiku wa Jumanne umeme ulikatika, tumekaa barazani, nikamwambia: baba, nihadithie Shimoni. Alikaa kimya muda mrefu sana, mpaka nikafikiri hakunisikia. Kisha akaanza, na alianza na viatu. Kwamba walipofika pwani usiku ule aliacha makubadhi yake mchangani, akayapanga vizuri, kwa kuwa akili yake ilikuwa inamwambia anarudi asubuhi. Walikuwa watu kumi na saba kwenye chombo kimoja kidogo. Bibi yangu hakukubali kuondoka, alibaki na mbuzi.

Nilidhani ataniambia nani alikufa. Kanitajia wawili, kwa majina na ukoo, kisha akaacha.

Aliyotaka kunambia yalikuwa mengine. Alipokuwa anakimbia, njiani alisimama mtu wa sare ambaye baba alikuwa anamjua. Walisoma darasa moja, wamekaa dawati moja, wamekwenda chuo cha Qur'ani kwa mwalimu mmoja. Walionana uso kwa uso. Yule mtu akageuza uso upande, baba akapita. Hakumpiga, hakumshika. Akageuza uso tu.

Baba karudi mwisho wa mwaka, wakakutana sokoni. Yule mtu akamsalimia, baba akaitikia, salamu ya Kiislamu huiwachi. Akabaki amesimama kama ana neno, neno halikutoka. Akaenda zake. Wakuu, huyo mtu mie namjua. Nimemsalimia maisha yangu yote. Anasali msikiti wetu. Ni miaka zaidi ya ishirini, na sasa hivi ndo nnafahamu kwa nini kila siku anakaa safu ya nyuma karibu na mlango, na anaondoka kabla ya watu kupeana mikono.

Baba akasema: "Kufa tutakufa sote. Mie nakuogopea usije ukawa yeye. Watu wanasema yule aliniachia nipite, na kweli aliniachia. Lakini mtazame."

Sikuwa na jibu. Nilitaka kumwambia habari ya ibara ya 147, nikaona aibu, nikanyamaza.

Baadae sana, baba mwenyewe ndo akaniuliza: "Huyo daktari wa jeshi uliyemuona, anamtibu nani?" Nikamwambia anamtibu aliyeanguka. Akauliza: "Yeyote?" Nikamwambia kule kambini ndivyo walivyotufundisha, aliyeumia ni aliyeumia. Akasema "mh", akaingia ndani kulala. Umeme ukarudi, nikabaki barazani peke yangu taa inawaka.

Mama nimezungumza naye pia, nimemsomea ujumbe wa MamaWaChake. Alilia, kisha akauliza huyo mama ni wa mtaa gani, anataka kwenda kumuona.

Basi nilipofika ni hapa. Hoteli ya Paje nimemshukuru mjomba. Kujitolea siombi safari hii. Naomba Mbweni, utabibu, miaka mitatu. Nikimaliza nitakuwa na miaka 23, na JWTZ wakitangaza nitaomba kama mwenye fani. Baba hajanipa radhi ya jeshi. Kanipa ya chuo. Na sehemu ya karafuu zangu za msimu huu kasema zisiingie kwenye hesabu ya nyumba, ni za ada. Hazitoshi, lakini ni mwanzo.

Jana nilikuwa nakwenda kuchukua barua kwa sheha wa mtaa. Natoka tu, namuona baba kavaa kofia yake ya Ijumaa, na ilikuwa Alhamisi. Tukenda pamoja kwa miguu. Sheha akauliza barua ya nini. Mie nikafungua mdomo, baba akaniwahi: "Ya chuo." Sheha akaandika, akagonga muhuri.

Tulipotoka nje, njia nzima hatukusema kitu. Karibu na nyumbani akasimama kufunga kiatu, akasema bila ya kuniangalia: "Miaka mitatu si michache. Na mie nitajizoeza."

Kwa sasa nauliza jambo dogo: kuna mtu anajua chumba cha bei nafuu karibu na Mbweni? Hata cha kushea na mwenzangu, sina neno.

MstaafuWelezo

Mwanangu, chuo kikikupokea usitafute chumba. Shemeji yangu ana nyumba Kiembesamaki, banda la uwani liko tupu, watu wa Pemba wenzako. Nitumie ujumbe wa faragha. Na baba akija kukutembelea aniletee karafuu kidogo, nitamlipa.

BintiMtambile

Sare za chuo nitakushonea mie. Nitumie vipimo.